Kujiunga na Klabu ya Mpira wa Kikapu ya Vijana: Hatua kwa Hatua

Watu wakitafuta klabu, jambo la kwanza wanalouliza ni makombe. Ina makombe mangapi, imetoa wachezaji gani, inacheza ligi gani. Hayo ni maswali ya shabiki. Mchezaji anayeanza ana maswali mengine: mazoezi ni siku gani, mpira utamfikia mara ngapi, na akikosea nani atamwelekeza. Miezi ya mwanzo utacheza mechi chache na kufanya mazoezi mengi, kwa hiyo unapochagua klabu unachagua mazoezi yake. Ninayemwambia hapa ni kijana mwenyewe. Pale panapomhusu mzazi, nimemtaja.

Hatua ya 1: Jua uko kundi gani la umri

Klabu za vijana hupanga timu kwa umri, kwa kawaida chini ya miaka 12, 14, 16 na 18. Ligi nyingi hazihesabu umri ulionao leo. Zinaweka tarehe ya ukomo, na mara nyingi zinaangalia mwaka wa kuzaliwa. Ndiyo maana watoto wawili wa darasa moja, mmoja wa Desemba na mwingine wa Januari, wanaweza kujikuta katika timu tofauti. Uliza tarehe hiyo mapema, hasa kama unataka kujiunga pamoja na rafiki yako.

Wenye miaka 14 au 15 huwa na hofu kwamba wamechelewa. Hakeem Olajuwon, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, alianza kikapu akiwa na miaka 15, baada ya kucheza kandanda na mpira wa mikono huko Nigeria. Tim Duncan, nyota mwingine wa NBA, alikuwa muogeleaji hadi kimbunga Hugo cha mwaka 1989 kilipoharibu bwawa walilokuwa wakifanyia mazoezi kisiwani kwao. Baada ya hapo ndipo akageukia kikapu. Hasheem Thabeet naye hakuanza utotoni, na mwaka 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuchaguliwa kuingia NBA, tena wa pili kwa mpangilio kati ya wote waliochaguliwa mwaka huo. Ni kweli hao wote ni majitu kwa kimo, kwa hiyo usijilinganishe nao kwa hilo. Chukua umri wao tu. Aliyeanza na miaka minane atakuzidi mikono, yaani kuudundisha mpira bila kuutazama. Miguu mnaweza kulingana ndani ya msimu mmoja, na nitalirudia hilo hapo chini.

Kimo kisikuzuie kuuliza nafasi, na kisikudanganye pia. Mtoto mrefu wa miaka 12 huwekwa chini ya ringi, anaambiwa adake rebaundi, yaani mpira uliokosa kuingia, na kumpa mwenzake. Miaka mitatu baadaye wenzake wamemfikia kwa urefu, na yeye hawezi kudundisha mpira hatua nne bila kuupoteza. Ukiwa mrefu, tafuta klabu inayofundisha kila mtu kila kitu katika umri mdogo.

Hatua ya 2: Tafuta klabu zilizopo

Hili halina ufundi mwingi. Nenda kwenye viwanja vya kikapu jioni za siku za kazi na asubuhi za mwisho wa wiki, ukaone nani anafanya mazoezi. Uliza mwalimu wa michezo. Uliza chama cha kikapu cha eneo lako, ambacho huwa na orodha ya klabu zilizosajiliwa.

Na kama unamfahamu mwamuzi yeyote, muulize yeye kwanza. Waamuzi wanawaona makocha wote wa ligi katika saa zao mbaya, timu ikiwa nyuma kwa pointi 20 na zimebaki dakika tatu. Kocha anayewatukana watoto wake anajulikana kwa waamuzi kabla hajajulikana kwa wazazi.

Hatua ya 3: Katazame mazoezi kabla hujaomba nafasi

Hapa ndipo utumie muda wako. Omba ruhusa, kaa pembeni, tazama kipindi kizima toka kupasha mwili hadi kufunga mifuko. Klabu isiyotaka mzazi au kijana mgeni atazame mazoezi imeshakujibu. Ukiweza, nenda mara mbili kwa siku tofauti, kwa sababu kipindi cha siku mbili kabla ya mechi hakifanani na cha mwanzo wa wiki.

Anza na hesabu. Mko 20, mstari ni mmoja, mnapiga leiapu, yaani mtupo wa karibu unaopigwa ukikimbia, kwenye ringi moja, na kila mtu anachukua sekunde kumi hivi. Zamu yako inarudi baada ya sekunde 200, zaidi ya dakika tatu. Katika robo saa utakuwa umepiga mara nne, tano ukibahatika, na muda uliobaki umesimama ukisukumana na wenzako. Sasa kocha huyo huyo, watoto hao hao, akiwagawa katika ringi mbili na wengine pembeni wakadundishana mpira wawili wawili, kila mmoja anagusa mpira mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu. Vifaa havijaongezeka, kilichoongezeka ni mpango. Klabu yenye mipira sita na mpango mzuri ni bora kuliko yenye mipira 20 inayokaa ndani ya neti.

Kisha tazama ukubwa wa mpira na urefu wa ringi. Ringi ya kawaida iko mita 3.05 juu. Kwa watoto wa chini ya miaka 12, mchezo mdogo unaotambuliwa na shirikisho la kimataifa, FIBA, unashusha ringi hadi mita 2.60 na kutumia mpira namba 5. Wasichana wakubwa na wanawake wanatumia namba 6, wavulana wakubwa na wanaume namba 7. Si kila klabu ina ringi ya kushushwa, hilo halina lawama. Lakini ukimwona mtoto wa miaka tisa anapewa mpira namba 7, anaurusha kutoka kiunoni kwa mikono miwili huku mgongo umepinda, ujue anajifunza mtupo ambao itabidi aufute baadaye. Kocha asiyeliona hilo ana mengi asiyoyaona.

Halafu sikiliza. Mtoto akipoteza mpira, kocha anasema nini? "Wewe vipi?" si maelekezo. "Jicho juu, mpira uwe chini ya goti" ni maelekezo. Wapo makocha wenye sauti kubwa ambao ni walimu wazuri sana, na wapo wapole ambao hawafundishi chochote, kwa hiyo usihukumu kwa kelele. Hesabu ni mara ngapi mtoto anaambiwa la kufanya, na ni mara ngapi anaambiwa tu kwamba amekosea.

Mtafute pia mchezaji dhaifu kuliko wote pale uwanjani. Kila kikundi kina mmoja. Mfuatilie kwa dakika 20: anapata zamu zake? Kocha analijua jina lake? Wenzake wakiokota mipira, wanamtuma yeye peke yake? Ukijiunga, nafasi hiyo itakuwa yako kwa wiki kadhaa, kwa hiyo angalia inavyotendewa.

Mwisho, angalia mambo madogo: kama kuna maji au muda wa kuyanywa, kama kuna sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kilichomo, na kama kocha anaondoka kabla au baada ya mtoto wa mwisho kuchukuliwa.

Hatua ya 4: Uliza maswali ya pesa na ya usalama

Pesa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoleta ugomvi baadaye. Usiulize "ada ni kiasi gani" ukaishia hapo. Uliza ada inalipia nini. Je, jezi imo? Usajili wa ligi? Bima? Nauli za mechi za ugenini? Malipo ya waamuzi? Klabu mbili zinaweza kutaja ada inayokaribiana, moja ikawa imejumuisha kila kitu na nyingine ikakuchangisha kila mwisho wa wiki. Uliza pia kama kuna punguzo, au kulipa kidogo kidogo, au kulipa kwa kusaidia kazi za klabu kama kusimamia meza ya mechi. Klabu nyingi za jamii zina utaratibu huo ila hazijautangaza. Mzazi, hakuna aibu katika kuuliza hili, na mtunza hazina amelisikia mara nyingi.

Usalama wa mtoto ni jambo la mzazi kulisimamia mwenyewe, ana kwa ana. Klabu makini ina kanuni zilizoandikwa, na ukiuliza utaoneshwa bila watu kununa. Mambo ya kuuliza ni haya:

- Je, makocha na wanaojitolea wanachunguzwa kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi na watoto?
- Je, kuna wakati mtu mzima mmoja anabaki peke yake na mtoto mmoja, chumba cha kubadilishia nguo, ndani ya gari au kwenye mazoezi ya ziada? Jibu zuri ni kwamba daima wako watu wazima wawili, au mlango uko wazi na wengine wanaona.
- Kocha anawasiliana na watoto kwa njia gani? Ujumbe uende kwenye kundi lenye wazazi ndani yake, usiende kwa mtoto faraghani usiku.
- Nani anaruhusiwa kupiga picha na zinapelekwa wapi?
- Mtoto akiwa na malalamiko kuhusu kocha, anamwambia nani ambaye si kocha huyo?

Swali la mwisho ndilo linalonionyesha mimi klabu ilivyo. Kama anayepokea malalamiko ni kocha yule yule anayelalamikiwa, au mke wake, au kaka yake, basi hakuna anayepokea malalamiko.

Kwa kijana: mtu mzima yeyote, hata awe kocha maarufu, akikwambia jambo fulani libaki siri kati yenu wawili, mwambie mzazi au mlezi siku hiyo hiyo. Hata kama ni zawadi. Hata kama ni ahadi ya kukuweka kikosi cha kwanza.

Hatua ya 5: Andaa karatasi

Kwa kawaida utatakiwa kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa au hati nyingine ya umri, picha za pasipoti, fomu ya idhini iliyosainiwa na mzazi au mlezi, namba za simu za watu wawili wa dharura, na fomu ya afya.

Fomu ya afya watu huijaza harakaharaka, "hakuna, hakuna, hakuna", wakiogopa mtoto atakataliwa. Andika ukweli. Mwenye pumu anacheza vizuri tu, mradi kocha ajue na dawa ya kuvuta iwe kwenye benchi badala ya kubaki kwenye begi lililofungiwa ofisini. Andika mzio, kifafa, selimundu, na mifupa iliyowahi kuvunjika. Na kama kijana amewahi kuzimia au kubanwa kifua akiwa anakimbia, au katika familia yuko aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, aonwe na daktari kabla ya kuingia uwanjani. Hilo halisubiri.

Umri usidanganywe, kushuka wala kupanda. Mbali na kwamba klabu yaweza kunyang'anywa pointi na mchezaji kufungiwa, kijana wa miaka 17 anayecheza na wa miaka 14 hajifunzi lolote. Anawashinda kwa mwili, na siku ya kukutana na rika lake hana ufundi.

Kama uliwahi kusajiliwa klabu nyingine, omba barua ya kuachiwa mapema. Ligi nyingi zina kipindi maalumu cha uhamisho, na kikifungwa utafanya mazoezi msimu mzima bila kucheza. Ondoka kwa adabu: mwambie kocha wako wa zamani mwenyewe, asisikie kwa watu. Mtakutana naye uwanjani miaka yote.

Hatua ya 6: Vifaa, na visiwe vingi

Viatu ndivyo vya kufikiria. Viwe vya kikapu kama inawezekana, kwa sababu raba za kukimbilia zimeundwa kwenda mbele tu, na kikapu ni mchezo wa kwenda kando na kusimama ghafla. Raba ya kukimbilia huwa na soli nene laini inayopinda kifundo kirahisi ukikata kona. Vivae na soksi utakazochezea, simama, uhakikishe kuna nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole na kisigino hakipandi. Kama mnacheza kwenye saruji au lami, chagua soli ngumu, kwani laini italika upesi. Ukumbi wa mbao unataka soli isiyoacha alama, na viatu hivyo usivivae barabarani.

Kingine ni kaptula isiyo na zipu wala vifungo vya chuma, fulana, taulo ndogo na chupa ya maji yenye jina lako. Mpira wako wa nyumbani ni kitu kizuri kuliko jezi yenye jina la nyota. Toa hereni, pete na cheni kabla ya mazoezi, maana kanuni zinazikataza kwenye mechi na pete ikinasa kwenye wavu si jambo la kusimulia. Kata kucha.

Hatua ya 7: Tayarisha miguu kabla ya siku ya kwanza

Ukiwa na wiki mbili tatu kabla ya kuanza, usizimalize ukitupa mitupo ya pointi tatu. Mstari wa pointi tatu kwa watu wazima uko mita 6.75 kutoka kwenye ringi, na kijana asiye na nguvu ya kuufikia hurusha mpira kwa bega na kiuno. Jifunze miguu, kwa sababu kosa linalowaumbua wageni wengi siku ya kwanza ni kutembea na mpira, yaani kupiga hatua bila kuudundisha.

Anza na kusimama. Kimbia taratibu, rukia kidogo, tua kwa miguu yote miwili pamoja, magoti yamekunjika, makalio yameshuka, mpira uko kifuani. Ukitua hivyo una haki ya kuchagua mguu wowote uwe wa kubaki chini. Kisha geuka juu ya mguu huo, mbele na nyuma, bila kuuinua wala kuuburuta. Fanya hivyo bila mpira, kisha na mpira. Inachosha kwa kuchusha, lakini ndiyo inayokufanya uonekane mchezaji.

Halafu leiapu, kwanza bila kudundisha kabisa. Kwa anayetumia mkono wa kulia: simama upande wa kulia wa ringi, pembeni kidogo, hatua mbili kutoka kwenye ringi. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, ruka. Goti la kulia linapanda pamoja na mkono wa kulia, na mpira unagusa kona ya juu ya mraba uliochorwa ubaoni, upande ule ulioko wewe. Usiutupe kwa nguvu, uweke tu, ubao utafanya kazi iliyobaki. Ukijikuta unarukia mguu wa kulia, rudi utembee hatua hizo polepole huku ukizitaja kwa sauti: kulia, kushoto, juu. Zikikaa, ongeza kudunda mara moja kabla ya hatua ya kwanza, kisha mara mbili. Upande wa kushoto ni hayo hayo kwa kugeuza, na utaonekana kichekesho kwa wiki nzima.

Kudundisha: kwa ncha za vidole, kiganja kisipige mpira, macho yawe ukutani. Tumia mkono dhaifu muda mara mbili ya ule wenye nguvu. Kama huna mpira, zunguka uwanja kwa mkao wa ulinzi, miguu kando, bila kuigonganisha visigino. Baada ya dakika moja mapaja yatakueleza kama ulikuwa umeshuka kweli.

Kupiga, simama karibu, hatua mbili tu kutoka kwenye ringi. Ukifunga kumi pale bila kubadili umbo la mkono, rudi hatua moja.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza au ya majaribio

Fika robo saa kabla. Msalimie kocha kwa jina la heshima linalotumika pale, "kocha" linatosha, umwambie jina lako, umri wako na kwamba ni mara yako ya kwanza. Usijisifu. Kuna vijana hufika wakisema wanacheza nafasi ya gadi, yule anayeudundisha mpira na kuongoza mashambulizi, na dakika ya tatu kila mtu ameshajua.

Kwenye kila zoezi jipya, simama wa tatu au wa nne kwenye mstari. Wa kwanza atakosea kwa kutoelewa, wa mwisho atakuwa amepiga soga na kusahau. Wa tatu ameona mara mbili. Kama bado hujaelewa, uliza swali moja fupi. Makocha wanapenda kuulizwa kuliko wanavyopenda kurudia zoezi.

Anachotafuta kocha kwa mgeni si mabao. Anamwambia ashushe mkono, kisha anatazama mtupo unaofuata: ameshusha au la? Anatazama kama unarudi nyuma kulinda baada ya kupoteza mpira au unasimama kusikitika. Anatazama kama unaongea uwanjani: "kushoto kwako", "nimemshika", "mpira, mpira". Vijana wanaoanza hucheza kimya kama wako mtihani, na anayeongea huonekana mara moja hata kama hajafunga.

Ukiambiwa nafasi zimejaa au hujafikia kiwango, uliza mambo mawili: nifanyie kazi nini, na nirudi lini. Klabu nyingi zina orodha ya kusubiri, na majina husogea juu msimu ukianza, maana wapo wanaoacha baada ya wiki tatu za kukimbizwa. Unaweza pia kuulizia timu ya kucheza watatu kwa watatu. Ule ni mchezo kamili wenye ringi moja, dakika 10 au pointi 21, na umeingia Olimpiki tangu michezo ya Tokyo. Kwa anayeanza una faida yake: mkiwa watatu huwezi kujificha, mpira lazima ukufikie.

Hatua ya 9: Miezi ya mwanzo, benchi na mwili

Utakaa benchi. Ukubali, lakini usikae bure. Chagua mchezaji mmoja wa nafasi yako, umtazame yeye tu, mpira uusahau, uone anasimama wapi asipokuwa na mpira. Baada ya mechi, usimuulize kocha kwa nini hukucheza. Siku ya mazoezi inayofuata muulize unahitaji nini ili ucheze. Swali la kwanza linamfanya ajitetee, la pili linamfanya afundishe. Na liulize wewe. Mzazi anayemvamia kocha dakika mbili baada ya kipenga cha mwisho anamfungia mwanawe mlango.

Mwili nao una habari zake. Kuteguka kifundo cha mguu ndilo jeraha la kawaida kuliko yote, hasa mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake. Likitokea, toka uwanjani. Kama huwezi kukanyaga hatua nne, nenda ukaonwe hospitali. Maumivu chini ya goti, pale penye kinundu cha mfupa, ni ya kawaida kwa vijana wanaorefuka kwa kasi. Hutulia kwa kupunguza kuruka, na huzidi ukijikaza kiume. Ukigongwa kichwa ukahisi kizunguzungu, kichefuchefu au ukasahau matokeo, mechi yako imeisha siku hiyo, hata kama ni fainali na hata kama kocha anasema uko sawa.

Wasichana walio katika umri wa kubalehe wana hatari kubwa zaidi ya kukatika kano ya ndani ya goti, ile inayounganisha mifupa, na mara nyingi hutokea bila kuguswa na mtu, wakati wa kutua au kukata kona. Mazoezi ya kutua na ya nguvu za miguu kabla ya kipindi yanapunguza hatari hiyo. Kama klabu ina timu ya wasichana, uliza kama wanayafanya.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na NBA pamoja na USA Basketball, shirikisho la kikapu la Marekani, unashauri mtoto asifungiwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 14, na awe na angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Nakubaliana nao kabisa. Kijana anayecheza shule, klabu na mtaani anaweza kujikuta na siku saba za kuruka bila mtu yeyote kuzijumlisha. Mzazi, jumlisha wewe.

Hatua ya 10: Mechi ya kwanza

Kwa kanuni za kimataifa kuna robo nne za dakika 10, ingawa ligi za watoto hufupisha. Namba ya jezi yaweza kuwa 0, 00 au 1 hadi 99. Usigombanie, chukua iliyobaki. Jezi iingizwe ndani ya kaptula. Faulo ya tano inakutoa kwa siku hiyo, na wageni huimaliza idadi hiyo upesi kwa kunyoosha mikono wanapoachwa. Ukiachwa, kimbiza kwa miguu.

Kocha akikuita, usikimbilie uwanjani. Nenda kwanza kwenye meza ya waamuzi, sema unataka kuingia, subiri hapo hadi mchezo usimame na mwamuzi akupe ishara ya mkono. Ukiwa unasubiri, muulize kocha unamlinda nani, na anayetoka umuulize namba ya mtu wake. Mkipishana bila kuambiana, kwa sekunde tano kutakuwa na mchezaji wa upande wa pili asiye na mtu, naye ataelekea kwenye ringi.